Nyumba Tisa Kabla ya Mikindani

Harufu iliyonirudisha ilikuwa ya kitunguu kinachokaangwa ndani ya gari. Mwezi wa tatu uliopita, theluji ya Weston, mtaa wetu wa Toronto, ikiwa bado imelala pembeni mwa njia kama chumvi chafu, mwanangu Salumu alikodi gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, akatupakia sote kwenda kusini, mpaka pwani ya Marekani ambako wakati huo watu wanatembea kifua wazi. Siku ya tatu tulisimama mahali pa kuegesha, jua limewaka kweli, mkwe wangu akaweka sufuria jikoni akakata kitunguu. Mbao za kabati zilikuwa zimepata joto. Kitunguu, mbao yenye joto na mafuta ya gari, vitu vitatu hivyo vikaingia puani mwangu kwa pamoja, na hapo mimi sikuwa tena mzee wa Toronto. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa juu ya gunia la mchele nyuma ya lori la baba yangu, na miguu yangu haigusi sakafu.

Baba yangu, Chande Mkumba, alikuwa seremala wa Magomeni aliyejifunza udereva ukubwani. Mwaka huo alinunua lori bovu, akalifufua, kisha juu ya bodi lake akajenga nyumba ya mninga: madirisha mawili yenye mapazia ya mama, kitanda cha kamba, benchi lenye mfuniko wa kuwekea vyombo, na ngazi ndogo nyuma ya kupandia. Majirani walikuja kuitazama wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja, Mzee Kibwana muuza kahawa, akamwambia, "Chande, umejenga nyumba inayokimbia mwenye nyumba." Baba hakujali. Nyumba ile aliijenga kwa ajili ya mkwewe, yaani bibi yangu mzaa mama, Mwanaisha binti Athumani, ambaye macho yalikuwa yanamwisha. Mtoto wa jicho, walisema watu wa hospitali, na zamani zile kwetu neno hilo lilikuwa kama kuambiwa jua linazama. Bibi hakulia. Alisema kitu kimoja tu: kabla giza halijafunga, anataka kuuona uso wa mdogo wake Somoe, aliyeolewa Mikindani, ambaye hawakuonana tangu wote wawili wakiwa na meno kamili.

Basi tukaondoka baada ya masika, barabara ikiwa imekauka. Siku hizi mtu anatoka Dar asubuhi, jioni yuko Mtwara. Sisi tulikwenda siku ishirini na kitu, na si ubovu wa barabara peke yake uliotuchelewesha. Bibi alikuwa na ndugu njia nzima, na mlango wa ndugu haupitwi. Ukipita bila kubisha hodi umemtukana aliye ndani, umemtukana na marehemu aliyewazaa nyote. Nyumba zilikuwa tisa kabla ya Mikindani, naye alinifundisha nikazishika kama watoto wanavyoshika Kurani: Kongowe kwa Mzee Pazi, Mkuranga kwa Binti Shomari, Kibiti kwa Maalimu Ngwele, Somanga kwa Bi Tatu, Nangurukuru kwa Mfaume, Kivinje kwa shangazi Mwanahawa, Kiranjeranje kwa Mzee Kitunga, Mchinga kwa Binti Likoko, Lindi kwa Abdurahmani fundi cherehani. Shule niliishia darasa la nne na mengi yamenitoka, lakini majina hayo ukiniamsha usingizini nitakutajia.

Kazi hiyo ilikuwa yangu kwa sababu mbili. Bibi hakuona tena tumefika wapi. Na Baba, kwa heshima ya ukwe, hakuwa akizungumza na Bibi uso kwa uso. Wakiwa na neno, neno lilipita kwangu. Bibi akisema, "Mwambie baba yako tusimame," nami nagonga ukuta wa mbele mara mbili, lori linasimama. Mama angeweza kunisaidia, ila alikuwa na mimba ya mdogo wangu Rehema, na mtikisiko ule ulimlaza kutwa kwenye kitanda cha kamba. Kaka yangu Hamisi alikaa mbele na Baba, anajiona dereva wa pili. Kwa hiyo nyuma kule nilikuwa mimi, Bibi, na kuku. Maana kila nyumba ilitupokea kwa chakula na kutuaga kwa kitu: mkeka, mkungu wa ndizi, chupa ya mafuta ya nazi, kuku wa miguu iliyofungwa. Kwenye pantoni ya Rufiji mtani wetu mmoja, Mndengereko, aliuchungulia mzigo ule akauliza, "Nyinyi mnahama au mnakimbia polisi?" Bibi akamjibu kwa upole kwamba tunatafuta Mndengereko anayejua kuoga, hatujampata bado. Pantoni nzima ikacheka, na yeye mwenyewe ndiye aliyetusukumia lori likapanda ukingoni.

Kila asubuhi, baada ya uji, Bibi alinisimamisha kwenye ngazi ya nyuma, jua likinipiga usoni, akasema, "Haya, mke mwenzangu, nionyeshe." Nami nainua vidole. Yeye anavihesabu. Kongowe alipata vyote. Kivinje alipata, lakini alisogea mpaka pumzi yake ikawa mkononi mwangu. Kila alipopata alitabasamu na kusema, "Somoe ana alama ya ndui hapa shavuni. Nitaiona." Hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu. Milango tisa upande mmoja, vidole vyangu upande wa pili, na sisi katikati tunakwenda mwendo wa kobe.

Sasa niseme la Mchinga. Tulipotoka Kiranjeranje nilikuwa nimechoka. Nimechoka kuamkia watu, nimechoka kubanwa mashavu na kuambiwa nimefanana na marehemu nani. Hamisi alikuwa ameniambia kwamba Lindi kuna duka linalouza barafu nyekundu ya kijiti, na mimi barafu nilikuwa naisikia tu. Halafu huyo Binti Likoko wa Mchinga nilimjua. Aliwahi kuja kwetu Magomeni akanishika pua akaninywesha mwarobaini, kikombe kizima, eti nina minyoo. Na alikuwa na sifa kwamba mgeni wake haondoki kabla ya siku tatu. Lori likapita kwenye daraja la mbao, mbao zikalia tatata, vyombo vikaitika ndani ya benchi. Nikaona nyumba, nikaona watoto wanakimbilia gari. Nilijua ni Mchinga kwa sababu Mzee Kitunga alikuwa ametuambia, mkivuka daraja la mbao mmefika.

Bibi akainua kichwa. "Mchinga bado?"

"Bado, Bibi."

"Haya," akasema, akaendelea kusuka ukili wake. Mkono wangu sikuugonga ukutani. Tulipoanza kuona minazi ya Lindi nikamwambia kwamba nadhani Mchinga tumeshaipita, sikuiona, vumbi lilikuwa jingi. Akasema tutaipitia tukirudi. Barafu nilikula. Ilikuwa tamu, na hadi leo sijala kitu kitamu kama kile, hilo nalo nakiri.

Tulifika Mikindani siku ya pili yake, alasiri. Baba akapiga honi, majirani wakatoka, lakini mlango wa Bibi Somoe ulikuwa na kufuli. Akaja mwanamke mmoja, Mama Issa, anafuta mikono yenye unga. "Nyinyi mmepitia wapi?" akauliza. "Somoe kaondoka siku ya tano leo. Alisikia kwa wapakia korosho kwamba dada yake yuko njiani, akasema kukaa hawezi. Kapanda lori la watu lisilosimama Lindi, kawangojea Mchinga kwa Binti Likoko. Anasema dada hapiti mlango wa ndugu."

Hakuna aliyenitazama. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba hakuna aliyenitazama. Bibi alikaa barazani kwa mdogo wake, akapapasa kufuli, akapapasa ukuta, kama mtu anayepima nguo. Baba akasema, safari hii kwa sauti ya kusikika na bila kunipitia mimi, "Mama, kesho alfajiri tunageuza." Kesho hatukugeuza. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika, na fundi wa kuichoma alikuwa Mtwara. Tulikaa siku sita. Asubuhi ya kwanza niliinua vidole vitatu, Bibi akasema viwili. Nikamwambia, "Ndiyo, Bibi." Asubuhi ya pili niliinua vinne, akasema viwili. Nikamwambia ndiyo. Asubuhi ya sita hakuniita kwenye ngazi.

Mchinga tulifika jua likiwa kichwani. Nilianza kugonga ukuta kabla hata daraja halijaisha, niligonga mpaka ngumi ikavimba. Bibi Somoe alikuwa amekaa uani kwa Binti Likoko, mwembamba, alama ya ndui shavuni vilevile, amejifunga kanga nyekundu. Hakusimama, alikunja uso kama mtu aliyeudhiwa. "Karibu wiki mbili nakaa kula vya watu," akasema. "Siku ile nimesikia gari linapita, nikawaambia, huyo siye, dada yangu angesimama." Bibi akacheka, akamwendea kwa kufuata sauti. Akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye jua, akatazama. Alitazama muda mrefu, na mimi niliyesimama ubavuni niliona kwamba alikuwa anatazama juu kidogo ya paji la uso. "Umezeeka, Somoe," akasema. "Lakini hiyo kanga ya kijani imekupendeza."

Binti Likoko, ambaye mdomo wake haukuwa na pazia, akainamia sufuria yake. Bibi Somoe akaitazama kanga yake nyekundu, akamtazama dada yake. "Ahsante, dada," akasema. "Niliivaa kwa ajili yako." Tulikaa pale siku tisa, na siku zote tisa aliivaa hiyohiyo, akiifua jioni na kuivaa asubuhi.

Hayo sikumwambia mtu miaka yote hii. Nilimwambia Nuru, binti wa Salumu, naye ana miaka tisa, kwenye hilo gari la kukodi, tukiwa tunapita pwani ile ya joto, bahari upande mmoja na nyumba nzuri upande wa pili, mamia kwa mamia, wala hapana hata moja tunayoweza kubisha hodi. Nuru anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Aliniuliza kama Bibi aliwahi kujua. Nikamwambia, ndiyo. Siku ya kuondoka Mchinga alinivuta sikio taratibu. "Mke mwenzangu," akasema, "macho yamekufa, masikio mazima. Lile daraja nimelivuka tangu msichana." Nikamuuliza, basi mbona hakusema. "Uliniambia bado kwa sauti ya mtoto aliyechoka. Nikasema moyoni, haya, Mchinga haihami."

Mimi nami mtoto wa jicho alinipata, kabla ya safari hiyo, hapa hapa Toronto. Nilikwenda hospitali asubuhi wakanipasua, mchana nikala wali nyumbani. Kesho yake Nuru alisimama mbele ya kiti changu akanyanyua vidole, mchezo tu, hajui lolote, nikavihesabu vyote bila kusogea. Nilikwenda bafuni nikafungua maji ili wasinisikie.

Tulirudi Toronto Jumapili alasiri, mvua ya baridi inanyesha, Salumu macho mekundu kwa uchovu, anataka nyumbani Weston moja kwa moja. Watu wangu katika mji huu ni wa kuhesabu kwa vidole, na wengi wao wanataka upige simu kwanza. Aliyebaki na mlango wa zamani ni mmoja, Mama Furaha wa Lawrence Heights, mtu wa Bukavu, na siku ya kuondoka alikuwa ametuambia, "Mukirudi mupite kwangu, nitapika." Nilikuwa nimejifunika shali, nimefunga macho, sikusema kitu. Nilimwonea mwanangu huruma. Ndipo nikasikia nyuma ya kiti cha dereva ngumi ndogo inagonga, mara mbili.

"Baba, simama," Nuru akasema, kwa Kiswahili. "Lawrence Heights kwa Mama Furaha."