Kisufuria cha Bi Mize na Tumbo la Doria

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka husimama nilipo nikasema Subhanallah. Ni siku niliyomwona bibi yangu, Bi Mize wa Bwejuu, anapakua chakula chake mwenyewe kabla hajakionja, anakitia katika bakuli la bati lililobonyea, kisha anamwita mbwa.

Nakusimulia kwa sababu jana umenipigia simu kutoka Tunguu unakosoma, unalia juu ya mbwa wako. Umesema kila anachokula ama anakitapika ama kinamharisha, na dukani mjini wamekuonesha mfuko wa chakula cha nje ambao ukiununua, wewe mwenyewe utashinda na njaa. Nikakwambia tulia, nitakuandikia. Kwenye simu sisi wazee tunazunguka sana, bando linakwisha hatujafika.

Basi wakati huo nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, naishi kwa ami yangu Haji, ndugu wa baba. Shamba lake la muhogo lilikuwa nyuma ya kijiji, kwenye ardhi ya mawe, na adui yake alikuwa nguruwe mwitu. Nguruwe wakiingia alfajiri moja hawakuachii kitu. Ndiyo maana ami alifuga mbwa, jina lake Doria. Alilala shambani, chombo chake mbali na vyombo vyetu, na akikugusa kwa ulimi unajitoharisha kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Lakini tulimpenda. Mimi hasa nilimpenda, na sioni haya kulisema.

Mwaka ule Doria akaanza kuharisha. Akila anatapika, akitapika analala, mpaka mbavu zikahesabika. Alfajiri moja nguruwe wakaingia, naye akanyanyua kichwa tu, akakirudisha chini. Ami akayatazama matuta yaliyofukuliwa, muhogo uliokuwa utulishe sote, akasema kwa sauti ya chini kwamba mbwa asiyeweza kusimama anateseka bure. Asiponyanyuka karibuni, atamwita msasi mwenye bunduki ampumzishe. Ami hakuwa katili. Alipokwisha kusema hivyo alikwenda kukaa peke yake, na chakula cha mchana hakukigusa.

Hapo mtaa mzima ukaingia kumponya Doria. Unatujua sisi. Mtu akiumwa, dawa yetu ya kwanza ni kumlisha, na chakula kisicho nazi kwetu hakijawa chakula. Jirani akaleta ukoko wa wali wa nazi. Mwengine akaleta mchuzi wa pweza uliobaki, umekolea kitunguu na pilipili. Mke wa ami, kwa huruma yake, akakuna nazi nzima akammwagia tui zito juu ya wali, ati apate nguvu. Mimi nilikuwa nafagia uwanja katika nyumba moja ya wageni pale ufukweni, na mwenyewe alikuwa na mbwa. Nikaomba zile biskuti za mbwa za kutoka nje, nikapewa kopo zima, nikarudi nyumbani kifua mbele. Leo hiki, kesho kile. Doria alivila vyote, maana mbwa hajui kumwambia mtu ahsante nimeshiba, na vyote vilitoka karibu kama vilivyoingia.

Bi Mize, mama yake ami, alikuwa akitutazama siku zote hizo kutoka barazani kwake, anasokota kamba. Sasa umjue huyu bibi. Tangu usichana wake tumbo lake lilikataa nazi. Kijiko kimoja tu cha mchuzi wa tui, anagaragara usiku kucha. Kwa hivyo kwenye harusi, kwenye futari, yeye alikuwa na kisufuria chake pembeni: wali wa maji, samaki wa kuchemsha, kipande cha boga. Mawifi zake walimtania mpaka uzeeni, "Bi Mize, leo umepika maji gani?" Naye hucheka nao, akala.

Siku hiyo akaniita.

"Makame!"

"Naam, bibi."

"Leo mnampa nini huyo mbwa?"

Nikamwambia ni bokoboko la ngano na nyama, limetoka kwa jirani, lina samli nzuri.

Akaiweka kamba chini. "Mnamlisha mbwa au mnazilisha roho zenu? Nshakutazameni vya kutosha. Kila mmoja anampa anachokipenda yeye. Nani kauliza tumbo lake?"

"Bibi, mbwa anaulizwaje?"

"Anajibu kila siku kule shambani, na wewe ndiye unayefukia. Mimi nlijibu hivyo hivyo miaka na miaka, wakasema nnadeka."

Hakupaza sauti. Ami alikuwa mlangoni amesikia, na mkewe akainamisha macho. Lile bokoboko nikalirudisha jikoni.

Bibi akaagiza Doria apewe maji safi tu kwanza, tumbo lipumzike. Baadaye akateleka kisufuria chake kama kawaida, ila safari hii hakutia chumvi. Wali laini. Samaki mdogo wa bei ya chini, ambaye wachuuzi huwa hawamgombanii, kachemshwa, na miba kaitoa bibi mwenyewe kwa vidole vyake vilivyokauka kwa kamba. Boga kidogo, limepondwa. Halafu akatenga fungu la Doria kabla ya kuonja lake. Akaenda nalo mpaka ukingoni mwa shamba, akaliweka, akarudi nyuma kwa staha, akachuchumaa.

"Kula, maskini," alimwambia. "Mimi nnakujua."

Mwanangu, nilisisimka mwili. Huyu ni mwanamke aliyechekwa maisha yake yote kwa sababu ya tumbo lake, na tumbo hilo hilo ndilo lililompa kumwelewa kiumbe ambaye hata kumgusa hamgusi. Watu wazima wenye akili tulimzunguka mbwa yule na sahani zetu, na hapana aliyemwona ila yeye. Nikajiuliza Mola ameumba matumbo mangapi namna hii, kila moja na amri yake, na sisi tunapita tu. Nilitaka kulia.

Hakupona siku hiyo, usije ukadhani. Bibi alimpa kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, chakula kile kile bila kukibadilisha, na akamkataza kila mtu asitie lake. Choo kikaanza kushikana. Macho yakarudi. Halafu alfajiri moja, bibi yuko bado kwenye mswala, tukasikia mbweko kutoka shambani, mmoja, kisha mingi, na vishindo vya nguruwe wanaopasua kichaka kukimbia. Ami alitoka mbio hata kanzu hakuifunga vishikizo. Aliporudi alisema muhogo haukuguswa. Akapiga magoti mbele ya mama yake, akambusu mkono.

Ijumaa ile mke wa ami alipika wali wa maji kwa nyumba nzima, sufuria moja, na bibi akala pamoja nasi katika sinia kubwa. Mawifi walikuwepo. Hapana aliyecheka.

Basi fanya hivi. Mpikie mbwa wako wali laini wa maji, samaki wa kuchemsha asiye na mwiba hata mmoja au kuku asiye na mfupa, na boga kidogo. Usitie tui, mafuta, kitunguu, chumvi wala pilipili. Mpe kidogo kidogo, usimbadilishie kila siku, na akipata nafuu mrudishie chakula chake cha kawaida taratibu. Ukiona damu, au hata maji hayakai tumboni, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Na umuulize la kumlisha siku zote, kwa sababu wali na samaki peke yake havimtoshi mbwa maisha. Akisema lazima ununue mfuko ule wa bei, niambie, tutasaidiana. Lakini usiununue kwa sababu ya picha ya mbwa anayecheka.

Na kabla hujampa kiumbe yeyote kitu, mtu au mnyama, mtazame kwanza anapokea nini. Mapenzi yako ni makubwa, mwanangu, nayajua, lakini yatakuwa mzigo kwake ukimpa usilomuuliza.

Mola akuzidishie huruma na akupe macho ya kuiongoza. Na popote utakapokaa, akukutanishe na watu watakaokuuliza hali yako kabla ya kukupakulia. Amin.