Damu Iliyopigwa Deki

Mama Ndoo alianza kazi katika chumba chetu cha upasuaji wa mifupa kabla mimi sijafika, na mpaka leo sijaona mtu anayepiga deki kama yeye. Hospitali nzima ilimwita jina hilo, wakubwa kwa wadogo, na yeye aliitika bila kinyongo. Mimi ni mtu wa dawa ya usingizi. Kila asubuhi akinikuta nimeegemea mashine yangu aliniuliza, "Bwana Usingizi, leo analazwa mgonjwa au wewe?"

Watu hudhani mhudumu wa usafi hajui kitu. Wanajidanganya. Mama Ndoo alijua daktari yupi ana mkono mwepesi na yupi atahangaika na mfupa mmoja tangu asubuhi. Alijua uzito wa tambara lililolowa maji na wa lile lililolowa damu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemuuliza, na mimi nilikuwa wa kwanza kati ya hao wasiouliza.

Siku ninayoisimulia aliletwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa pekee. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa mizaha, na alikuwa ameteleza kwenye ujenzi wa ghorofa akavunjika paja. Tulimwambia Mama Ndoo apumzike, akakataa katakata. "Nikikaa nje nitapata wazimu. Nipeni kazi yangu." Tukamruhusu. Mdogo wake akabaki kwenye benchi la korido, ameukumbatia mfuko wa nguo za mumewe.

Tulimchoma shemeji sindano ya mgongo, ya kutia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, kwa hiyo alikuwa macho. Alipomwona Mama Ndoo akiingia na vifaa vyake akasema, "Shemeji, umekuja kunifua na mimi?" Tulicheka wote, hata daktari.

Naona aibu kueleza jinsi tulivyopima damu enzi hizo. Tulipima kwa macho. Daktari alitazama shashi zilizolowa, mimi nikatazama chupa ya kufyonzea, tukakubaliana kama watu wanaokadiria chumvi ya mboga. Lakini paja lina hila. Damu hupita chini ya mashuka ya kijani, hutiririka kwenye mguu wa meza mpaka sakafuni, na sisi tuliosimama juu tunaona kidonda kikavu.

Mfupa ulikuwa umepasuka vipande vitatu, kazi ikachukua muda. Mama Ndoo aliona dimbwi chini ya meza, akalifuta, akakamua tambara kwenye ndoo tupu. Pakajaa tena, akafuta tena. Mara ya tatu akamsogelea muuguzi mkuu.

"Sista, hapa chini pamejaa."

"Si ufute? Unataka daktari ateleze?"

Akafuta. Hakuna aliyeinama kutazama. Daktari aliponiuliza damu imetoka kiasi gani, niligeuka nikaona sakafu inang'aa na chupa imefika katikati. "Nusu lita," nikasema, nikaandika kwenye fomu. Mapigo ya moyo ya mgonjwa yalikuwa yanakwenda mbio, nikadhani ni woga. Shemeji alikuwa anatetemeka, nikadhani ni baridi ya kiyoyozi. Siku hiyo nilidhani mengi.

Mama Ndoo alisikia ile nusu lita. Kwenye ndoo yake peke yake kulikuwa na zaidi ya lita, na alijua, kwa sababu mikono iliyokamua ni yake. Akaniangalia. Nayakumbuka yale macho juu ya barakoa. Halafu akainamisha kichwa, akafunika ndoo, akatoka. Mhudumu kubishana na sisi lilikuwa jambo lisilowezekana. Sheria hiyo haikuandikwa popote, ila sote tuliifuata.

Kwenye korido mdogo wake alisimama. "Dada, vipi huko?"

"Anaendelea vizuri, mdogo wangu. Nenda nyumbani ukamwandalie uji. Ukirudi utamkuta wodini."

Mdogo mtu akaenda. Shemeji alirudishwa wodini saa nane mchana. Ilipogonga saa tisa midomo ilikuwa imempauka, anaweweseka, anamwita mkewe. Tulikimbilia damu. Maabara hawakuwa na mfuko uliotayarishwa, kwa sababu hakuna aliyeomba, na hakuna aliyeomba kwa sababu mimi niliandika nusu lita. Saa kumi alikata roho. Mkewe alifika na chupa ya uji, bado wa moto, na sisi watu wazima tukaanza kusukumana nani amwambie.

Kesho yake Mama Ndoo aliniita kwenye stoo ya mafagio.

"Bwana Usingizi, ile damu niliikamua mimi. Ilikuwa nyingi. Niliifuta vizuri mno, ndiyo maana hamkuiona."

Nilipaswa kumwambia pale pale kwamba kosa lilikuwa langu. Sikusema. Ukweli ni kwamba nilifarijika kupata mtu wa kugawana naye lawama, na aibu hiyo ninayo hadi leo.

Tangu siku hiyo aligoma. Hakupiga deki mpaka daktari ainame aione sakafu kwa macho yake. Muuguzi mkuu alipofoka, alimjibu, "Sista, niandikie barua ya kunifukuza. Sifuti." Akaleta mizani yake ya jikoni, ya kupimia unga. Tukawa tunapima shashi zikiwa kavu, kisha zikiwa zimelowa, na uzito uliozidi ndiyo damu iliyotoka. Madaktari walicheka wiki moja, wiki ya pili wakanyamaza. Na mengine yakafuata. Dawa ya kusaidia damu kuganda ikawa inatolewa kabla ya kisu. Mgonjwa akafunikwa blanketi la joto, kwa kuwa mwili uliopoa huvuja zaidi. Hakuna paja lililoguswa kabla damu ya akiba haijawekwa tayari. Tulikuwa tukizika, tukaanza kuruhusu watu waende nyumbani na magongo yao. Wakubwa walimpa Mama Ndoo cheti mbele ya wafanyakazi wote, akakipokea kwa uso mkavu.

Sifa zile zilimkata maini. Miaka sita alikula sahani moja na mdogo wake, akamsaidia kulea watoto, na hakuthubutu kumwambia. "Nikimwambia nitampoteza," aliniambia, "na sina mwingine. Wazazi wetu walishatangulia." Nikamshauri anyamaze. Mwoga hushauri nini kingine?

Mwezi uliopita, siku chache kabla ya kustaafu, alinifuata nikiwa nabadilisha nguo. "Nimechoka nao huu mzigo. Wewe ulishika kalamu, mimi nilishika tambara. Twende wote."

Tulimkuta mdogo wake sebuleni anakunja nguo zilizokauka. Mama Ndoo hakukaa. Alieleza yote akiwa amesimama, damu ya sakafuni, nusu lita yangu, na jinsi alivyomdanganya pale korido. Hakujitetea hata kwa neno moja. Nami nikasema langu. Mdogo mtu aliendelea kukunja mpaka nguo ya mwisho, akaipanga juu ya nyingine.

"Dada," akasema, "siku ile ulipotoka mlangoni, raba zako zilikuwa zimelowa damu mpaka kwenye kamba. Niliziona."

Mama Ndoo aliitazama miguu yake.

"Niliziona, na bado nikaenda kupika uji. Nilitaka sana iwe kweli ulivyosema. Miaka yote hii nimekuwa nikikuogopa wewe, kwamba ipo siku utaniuliza kwa nini niliondoka."