Baba Katutoka

Juzi nilikuwa kwa fundi cherehani pale Usagara. Mama mmoja alikuwa akipimwa gauni, simu yake ikaita, akaiweka spika. Alikuwa mdogo wake wa kiume, anayemuuguza baba yao hospitali.

“Dada, baba katutoka.”

Mama akakaa chini, pini zingali begani. Fundi akasema, “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun,” nami nikainamisha kichwa. Simu ikaendelea kusema.

“Dada, unanisikia? Katutoka wodini, hakuaga mtu. Nimemkuta getini anakula mihogo.”

Hapo ndipo yule mama alipolia hasa. Fundi akamshika mkono, akaanza kumtoa pini moja moja.

Mdogo mtu hakukosea neno hata moja. Sisi watatu ndio hatukumngoja. Tulijua baba ni mgonjwa, na neno lile tumelizoea misibani, basi tukaimalizia sentensi wenyewe na kumzika mzee aliyekuwa anatafuna.

Mama akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasema taratibu, “Mdogo wangu, siku nyingine anza na mihogo.”