Kaptula Kumi na Mbili za Nyarugusu

Nina aibu moja ambayo hata mke wangu nilimsimulia baada ya mtoto wa tatu, maana niliogopa angerudi kwao. Ilinipata Nyarugusu, mchana kweupe, mbele ya mtemi na mbele ya watu ambao sijui walikuwa wangapi ila najua wote walikuwa wameachama midomo, na chanzo chake ni kwamba nilikataa kufumua nguo kuukuu. Basi, ni hicho tu.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa fundi cherehani pale Shinyanga mjini, barazani kwenye duka la Mhindi, kijana mwembamba, nadhifu, mwenye mpango. Huo mpango ndio uliokuwa ugonjwa wangu. Nitashona kanzu na si kitu kingine, nitapeleka kanzu yangu ya mfano Tabora kwa fundi mmoja mkubwa wa kudarizi, akiipenda atanichukua nijifunze kwake, kisha nitarudi nifungue duka langu. Mtu akileta gauni, namwambia mimi ni wa kanzu. Akileta mfuko umetoboka, mimi ni wa kanzu. (Mama yangu mzazi aliniletea mto nikamjibu hivyo hivyo, Mungu anisamehe.)

Kanzu ya mfano nilikuwa nayo tayari, nimeidarizi shingoni kwa hariri miezi minane, kila jioni baada ya kazi. Kilichobaki ni nauli na chakula cha huko, na watu wote mjini walikuwa wakisema Geita, Geita, dhahabu, kule watu wana pesa hawana nguo, nami nikasema nitakwenda kiangazi kimoja tu, nikaazima cherehani ya mkono, nikadandia lori, njia iliyobaki mpaka machimbo ya Nyarugusu nikaimaliza kwa miguu na cherehani kichwani.

Nikashona kanzu mbili wiki ya kwanza, kisha kimya. Nguo iliyotakiwa machimboni ilikuwa kaptula. Nilikaa kibandani kwangu nikizitazama zikipita, na nakiri zilinishangaza: mtu anashuka shimoni, anapanda, anachuchumaa kuosha mchanga tangu asubuhi, na nguo imemkaa tu, haivuti wala haichaniki. Inawezekanaje? Nilikuwa nainamisha shingo kuwaangalia watu kwa nyuma, mpaka mchimbaji mmoja akageuka akaniuliza kama niko salama.

Siku moja akaja Masanja. Huyu alikuwa mchimbaji, lakini zaidi ya hapo alikuwa manju, kiongozi wa kikundi cha ngoma ya majembe, na kwa Wasukuma ngoma si mchezo: vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi.

"Mwangaluka, fundi Lamadhani," akasema (ile r ya jina langu haikuwahi kumtoka mdomoni). "Tunataka kaputula kumi na mbili za kaki, zote sawasawa. Mtemi anakuja kutazama. Mwaka jana wale wenzetu walituchukulia watu wote, tukabaki tunachezea mbuzi."

Kwa mara ya kwanza sikusema mimi ni wa kanzu. Nilifikiri safari ya Tabora, nikakubali.

Jirani yangu Mama Kulwa, mjane wa askari, aliyekuwa akiuza ugali na viazi pale kando, alisikia yote. Akaingia ndani akatoka na kaptula ya marehemu mumewe, imefuliwa mpaka imekuwa laini kama ngozi ya mtoto.

"Chukua mwanangu, ifumue uone ilivyokatwa. Marehemu hataiuliza."

"Ahsante mama," nikasema, "lakini kaptula ni nini? Ni mikono miwili ya kanzu imeshonwa pamoja."

Nilisema hivyo kwa kiburi, lakini moyoni kulikuwa na jambo jingine. Mikono ilikuwa inaniwasha kuifumua. Niliogopa kwamba nikiifumua nitaijua, nikiijua nitaipenda, na nikiipenda nitabaki fundi kaptula Nyarugusu maisha yangu yote na Tabora nitaisikia kwa wasafiri. Nikamrudishia. Nikakata mikono ishirini na minne ya kanzu, nikaiunganisha miwili miwili kwa mshono mmoja ulionyooka kama reli. Vijana wakaja kujaribu, wakasimama wima mbele yangu kama nguzo, zikawakaa ajabu. Masanja akazunguka akinishukuru, wabeja, wabeja sana fundi, nami nikazunguka nyuma yake nikijisifu.

Siku ya ngoma nikavaa kanzu yangu ya mfano (nani aliniambia niivae?), nikapewa kiti cha mbele, karibu kabisa na mtemi, na Masanja kabla ya kuanza akanisimamisha akawatangazia watu wote kwamba huyu ndiye fundi wetu kutoka Shinyanga. Nikapunga mkono. Ndiyo, nilipunga mkono.

Ngoma ikaanza. Wakatembea vizuri, wakageuka vizuri, kaki inang'aa, na watu wakaanza kusogea upande wetu. Kisha wakarusha majembe juu, kumi na mawili kwa pamoja, wakachuchumaa ili wayadake.

Praaa!

Nilidhani ni ngozi ya ngoma imepasuka. Wakarusha tena, wakachuchumaa tena, na safari hii milio ilifuatana kama mahindi kwenye kikaango. Aliyegeuka kushoto tulimwona tako la kulia, aliyegeuka kulia tulimwona la kushoto, nao hawawezi kuacha kwa sababu mtemi anatazama, wakaendelea kucheza, jembe mkono mmoja, mkono mwingine nyuma. Upande wa pili wa uwanja watu wakasikia kicheko, wakaja mbio. Wote walikuja. Hata mpiga ngoma wa wale wapinzani alikuja na vijiti vyake mkononi.

Kwa sheria ya mchezo tulikuwa tumeshinda. Nilijaribu kulisema hilo.

"Wamekuja kutazama ngoma?" Masanja akaniuliza, amesimama mbele ya kiti changu akihema, ameshika nguo nyuma kwa mikono miwili. "Mimi lazima nikamwamkie mtemi sasa hivi. Fundi, vua."

"Nivue nini?"

"Kanzu."

Nikavua. Ningefanyaje? Nikabaki na msuli kiunoni na kifua changu chembamba mbele ya ukoo mzima wa mtemi, naye Masanja, mtu wa mabega kama ng'ombe dume, akajipenyeza ndani ya hariri yangu ya miezi minane, kwapa zikaachia zote mbili, akaenda kuamkia, akarudi akacheza nayo kwenye vumbi, akatunga wimbo papo hapo: fundi wa Shinyanga anashona upepo. Uwanja mzima ukaitikia. Mtemi alifuta machozi.

Nilipanga kutoroka alfajiri, lakini Masanja alinitangulia, amekaa juu ya cherehani. Kanzu akaniwekea mapajani, imejaa udongo mwekundu.

"Wiki ijayo tunacheza tena. Tengeneza kaputula zetu."

Nikaenda kwa Mama Kulwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu, au upepo umekuleta?" Akacheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi. Halafu akanipa ile kaptula.

Nikaifumua. Jamani, sijui niwaelezeje. Kipande cha nyuma hakilingani na cha mbele! Kimepanda juu zaidi, na pale msambani kimechongwa kama mwezi mchanga, kwa hiyo mtu akichuchumaa nguo ina akiba ya kumfuata. Nilikigeuza kile kipande, nikakilaza gotini, nikakigeuza tena, nikicheka peke yangu. Ni nani aliyewaza hivi kwanza? Alijaribu mara ngapi? Viazi vya Mama Kulwa vilipoa mbele yangu.

Shida ni kwamba za kwangu zilikuwa zimeshakatwa, na kaki imekwisha. Ndipo nikakumbuka kikwapa, kile kipande cha pembe nne tunachoweka chini ya mkono wa kanzu ili mtu akiinua mkono isichanike. Kwa nini kisikae msambani? Kitambaa nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu. Nilikaa nacho muda mrefu, nikaiondoa ile shingo ya hariri nikaifunga kwenye leso, kisha nikaikata kanzu yangu ya mfano vipande kumi na viwili.

Wiki iliyofuata walichuchumaa na hakikusikika kitu, ila kila waliporuka kikwapa cheupe kiliwaka msambani, na watu wakapiga vigelegele wakidhani ni urembo. Baada ya hapo wachimbaji walikuja wakitaka kaptula "yenye nyeupe", nami nikazishona, na mahema, na mifuko ya kubebea mchanga, kila nguo nikiifumua kwanza kwa uchu wa kuijua. Kiangazi kimoja kikawa viwili na nusu.

Tabora nilifika, msidhani sikufika. Fundi mkubwa aliitazama shingo ya hariri akaguna, kisha akachukua kaptula niliyokuwa nimevaa njiani, akaigeuza ndani nje, akaniuliza, "Hii uliiwaza mwenyewe?" Nikamwambia nilisaidiwa na uwanja mzima, naye akacheka, akanichukua.

Mpango wa maisha bado ninao, hata sasa, na Ijumaa nashona kanzu tu. Lakini niliapa sitamwambia tena mtu "mimi ni wa kanzu" kabla sijaishika nguo aliyonayo mkononi. Na kaptula haitoki kwangu mpaka mwenyewe achuchumae mara tatu mbele yangu, awe mchimbaji, awe karani, awe shehe.