Neno Lisilo na Baba

Ndugu yangu mdogo aliponiomba niwe msemaji wa familia siku ya kupeleka mahari ya mwanawe, nilitaka kukataa. Kwetu Tetu hakukosekani wazee wa kusimama na kusema, kama ilivyo desturi, "Tumeona ua zuri katika boma hili." Lakini nilikuwa nimestaafu, nilikuwa na simu, na nilikuwa nimeanza kusoma juu ya asili ya maneno. Nikakubali.

Tulikuwa Kangema, kwao msichana, chini ya hema, irio za viazi na mahindi zikinukia nyuma yetu. Badala ya ua, niliwaletea wakwe *brudiz*, neno la bi harusi la mababu wa Waingereza na Wajerumani. Nikaeleza kwa fahari kwamba hakuna aliyelikuta limeandikwa. Wataalamu walilijenga upya kwa kulinganisha watoto wake, yaani maneno yaliyotokana nalo, wakaliwekea kinyota mbele ili ijulikane ni la kukisia.

Mjomba wa msichana alivua kofia.

"Mzee, hiyo neno nani aliisikia?"

"Hakuna."

"Ati hakuna? Na huyo kijana wenu, pia yeye mmemkisia?"

Hema lote likacheka. Bahati mbaya, kijana hakuwepo. Gari lake lilikuwa limeharibika njiani, Sagana. Wakatuma mtu barabarani aangalie kama kuna bwana harusi. Akarudi, akatangaza, "Bado ni wa kinyota."

Ndugu yangu alinivuta koti. "Taja ua, uketi."

Sikuketi. Mjomba akaniuliza, sasa kwa upole, baba wa neno hilo ni nani. Nikajibu ukweli: asili yake haijulikani, wataalamu wangali wanabishana.

Kicheko kikakatika. Mama wa msichana aliweka mwiko chini.

"Kwa hivyo umetoka Tetu kuja kuita mtoto wangu na jina haina baba."

Nikaanza kumweleza juu ya Wagothi, watu wa kale wa Ulaya, ambao kwao neno hilo lilimaanisha mkaza mwana. Irio zikafunikwa. Bwana harusi alifika akiwa na grisi mikononi, akatukuta tukipanda gari kurudi.

Walienda tena bila mimi. Msemaji mwingine alitaja ua, wakapewa msichana.

Ndugu yangu hakunisemesha tena mpaka akafa. Siku ya mazishi yake, mimi kaka yake mkubwa sikupewa nafasi ya kusema lolote.