Hedifoni ya Sikio Moja

Mwalimu Sia Mtenga huvaa hedifoni upande mmoja tu. Sikio la kushoto ni la redio. La kulia huliacha wazi, hata kipupwe kinapokuwa kikali na ukungu wa Mlima Rungwe umeshuka hadi kwenye migomba. Wanafunzi wake wa fizikia wanadhani sikio hilo ni bovu. Si bovu.

Ni mzaliwa wa Marangu. Alipangiwa kufundisha Tukuyu, akapanga vyumba viwili mtaa wa Ibighi, na miaka ya mwanzo kilichomsumbua ni baridi ya Julai na Kinyakyusa, ambacho hakukijua zaidi ya salamu. Redio aliachiwa na fundi mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Haikuwa ya kusikilizia taarifa ya habari. Ilikuwa ya kupokea na kurusha, redio ya ridhaa, ya watu wanaotafutana hewani kutoka nchi hadi nchi kwa kupenda tu. Zamani kibali chake kilikuwa ndoto. Miaka ya tisini, pamoja na stesheni za watu binafsi na makoti ya mitumba, hata leseni hiyo ilianza kupatikana. Sia alifanya mtihani, akaipata, kisha akakaa nayo miezi bila kusema neno. Alisikiliza tu. Kila aliposhika kipaza sauti, alikirudisha mezani.

Nyumbani, nyaya za umeme ziliijaza redio mngurumo. Kwa hiyo Jumamosi moja ya Julai 1999, siku ambayo wapenzi wa redio wa Zambia na Malawi walikubaliana kutoka nje na mitambo yao kwenye baridi, naye alitoka. Mwenye baiskeli alimbebea betri ya gari hadi juu ya mashamba ya chai, akamwacha ukingoni mwa shamba la migomba. Sia hakumjua mwenye shamba. Alifunga waya wa antena kwenye mwanzi mrefu, akaunganisha betri, akajifunika blanketi hadi kichwani, akaziba masikio yote mawili kwa hedifoni.

Hapo ndipo alipokosea, ingawa hakuna kitabu cha redio kinachotaja kosa hilo.

Huko, ukungu ukishuka, watu husalimiana kabla ya kuonana. Anayehisi mtu mbele yake hutoa salamu, naye aliyesalimiwa hujibu, na kwa sauti yake hujulikana ni nani. Asiyejibu hana nia njema. Mwaka huo haikuwa lazima kuuliza ni nia gani. Mkoa wa Mbeya ulikuwa ukinong'ona habari za wachuna ngozi, watu waliosemekana kuua na kuuza ngozi za binadamu ng'ambo. Mgeni akiuliza njia tu, milango ilifungwa.

Bibi Atupele, mwenye shamba, alikuja kukata mkungu wa ndizi. Akasikia mtu anazungumza.

"Mughonile," alisalimu.

Kimya. Akasalimu tena, kwa sauti zaidi. Mtu wa blanketi hakugeuka. Alikuwa akitaja kwa Kiingereza herufi na tarakimu za leseni yake, mkono mmoja sikioni, na waya ulitoka kwake ukapotelea juu kwenye ukungu.

Atupele akapiga yowe.

Sia hakulisikia. Alichokiona kwanza ni miguu: mabuti ya mpira, pekupeku, na katikati yake ncha ya panga. Alivua hedifoni, kelele zote zikamwingia kwa pamoja.

"Huyu hapa! Nimemsalimia, kanyamaza kama gogo!"

"Toa hilo blanketi! Tuone mikono!"

"Mimi ni mwalimu," Sia alisema. Sauti ilitoka nyembamba, hata yeye hakuitambua.

"Mwalimu wa nani, wa migomba?" alidakia kijana mwenye panga, Innocent. Baadhi wakacheka. Kicheko hicho kilimtisha Sia kuliko panga. Watu wanaocheka hivyo, aliwaza, wameshaamua.

Hezron, mwenyekiti wa kitongoji, alisogea mbele. "Dada, simu ya upepo naifahamu. Ipo polisi, ipo hospitali. Wewe yako ni ya kazi gani huku shambani?"

"Ya kuzungumza na watu, baba."

"Watu gani?"

"Siwajui."

Lilikuwa jibu la kweli, na hakuna ambalo lingekuwa baya zaidi. "Ndio wanunuzi hao!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. Mkono ukaushika mwanzi, antena ikayumba. Leseni ilikuwa Ibighi, ndani ya sanduku.

Hezron aliwazuia kwa mkono. "Basi mwite mmoja, tumsikie. Akikosekana, mimi sitaweza kuwashika hawa."

Sia alichomoa hedifoni ili sauti itoke kwenye spika. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Taa ya redio ilikuwa imefifia. Betri ilikuwa imezizima kwa baridi. Maishani mwake hakuwahi kumwita mtu hewani akajibiwa. Aliita. Mchakacho. Aliita tena, sauti ikamkatikia katikati.

"Hakuna mtu," alisema Innocent. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kiingereza kilimpotea Sia kichwani. "Yeyote anayenisikia," alisema kwa Kiswahili, "mimi niko Tukuyu, Rungwe. Nijibuni. Tafadhali, nijibuni."

Mchakacho ulipasuka. Sauti nzito ya mwanamume ikatokea karibu kana kwamba amesimama nyuma ya migomba. Alisema kwa Kiingereza kwamba anaitwa Meshaki, mzaliwa wa Karonga, na kwamba yuko kwenye milima ya Nyika, Malawi, naye anatetemeka. Kisha akaacha Kiingereza. Watu wa Karonga ni Wangonde, na lugha yao na Kinyakyusa zinasikilizana.

"Rungwe!" alisema. "Mughonile!"

Hakuna aliyepanga kujibu. Salamu ilitoka ndani ya ukungu, na vinywa vikaipokea vyenyewe.

"Ndaga!" waliitikia, Atupele kwa sauti kuliko wote, na Innocent pia, panga likiwa limeshuka hadi gotini.

Atupele akainamia spika na kutaka kujua kijana huyo ni mtoto wa nani. Leseni haikumruhusu mtu mwingine kusema hewani. Sia hakuthubutu kulitaja hilo. Alibonyeza kitufe, akamshikia bibi kipaza sauti mpaka betri ilipokufa.

Hata hivyo hawakumwachia hivi hivi. Walimsindikiza hadi Ibighi, Hezron akaisoma leseni mlangoni kuanzia mwanzo hadi muhuri.

Atupele ndiye aliyemwambia siku ile, wakiagana: "Shambani kwangu njoo tu, mwanangu. Ila sikio moja liwe langu."

Alirudi kipupwe kilichofuata. Hofu haijamtoka. Wenzake wa Malawi na Zambia wamezoea kumsikia akikatiza sentensi, kisha akitoa salamu ambayo si yao, kwa sababu jani limechakarika mahali asipoona.