Geji Niliyoipiga Kofi

Mwanangu, nianze na aibu yenyewe nisije nikaikwepa: mimi ndiye fundi niliyeipiga geji kofi mbele ya wapakiaji, nikiiambia, "Amka wewe!" Kumbe aliyelala ni mimi.

Nakumbuka siku hiyo vizuri. Nilikuwa kijana, fundi umeme wa magari pale Kimandolu, shule nimeiacha njiani ila mdomo umefika chuo kikuu. Rafiki yangu Anaeli alikuwa ameuza ng'ombe wote wa urithi akanunua lori. Akaniletea geji ya kupima joto la moshi wa injini, maana dizeli ikizidi moto mlimani turbo inayeyuka, na ng'ombe wengine wa kuuza hana.

Waya za sensa, kile kidude cha kuhisi joto, zilikuwa mbili, nyekundu na njano. Karatasi ya maelezo, Kiingereza kitupu. Nikaitikisia kichwa kama mzee wa kanisa.

"Imesemaje?" Anaeli akauliza.

"Nyekundu ni chanya, bwana. Tangu Adamu."

Si ningesema tu sijaelewa! Lakini wapi. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Tukapandisha kuelekea Meru na shehena ya matofali, wapakiaji wawili tumebanana nao kabini. Lori likaguna. Mshale, badala ya kupanda, ukashuka.

"Mbona unashuka?" Anaeli akauliza kutoka kwenye usukani.

"Injini imepoa hiyo. Kanyaga, kaka!"

Ndipo nikaichapa lile kofi. Wapakiaji wakacheka, nami nikacheka.

Harufu ya kuungua ikatukata kicheko. Anaeli akasimamisha, tukainua kabini: bomba la moshi jekundu kama kaa. Hakunitukana. Alikaa kwenye jiwe, akashika kichwa. Heri angenitukana.

"Siondoki hapa mpaka geji hii iseme kweli," nikasema.

Tukasubiri bomba lipoe, nikafungua sensa. Nikamwomba mama mchoma mahindi wa pale barabarani asogeze jiko, nikaizamisha ncha kwenye makaa.

"We baba, jiko langu unalipima homa?"

Mshale ukashuka. Nikapepea makaa, ukashuka zaidi. Nikazibadilisha waya, nikachoma tena: ukapanda! Kwa sensa ile, nyekundu ilikuwa hasi. Adamu hakuniambia.

Nikafunga upya, jasho linanitoka. Injini ilikuwa haijafa, tukamaliza mlima polepole, macho yote kwenye mshale.

Basi mwanangu, kitu cha kukuonya kichome moto kwanza ndipo ukiamini. Na usilolijua liseme mapema, likiwa bado kichekesho, halijawa hasara. Mungu akujalie mkono mwepesi na mdomo mzito. Mimi nilipewa kinyume, nikajirekebisha kwa kuungua.

Jioni tukishuka, lori tupu, Anaeli aliniambia: "Rafiki yangu, ile geji niliinunua iniambie nikianza kuungua. Na wewe nilikushika kwa kazi hiyo hiyo. Usinifurahishe tena."